Kila Kitu Kilikifuata Kikombe

Benchi letu liko nje ya karakana ya Shemeji, chini ya dirisha linalotazama barabara. Alilitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya mbao za makabati ya watu, na mguu mmoja ukamtoka mfupi, kwa hiyo anayekaa mwisho wa kulia huinama kidogo kama mtu anayetega sikio. Huu ni mwaka wa nne anasema ataurekebisha akipata nafasi, na kila akipata nafasi huja kukaa juu yake. Bi Kahawa huegesha jiko lake la mkaa pale konani, birika moja, vikombe sita. Wateja wake wa kudumu ni Digrii, fundi bomba, aliyepewa jina hilo kwa sababu anaamini mji mzima hauna kona ya digrii tisini isipokuwa zile alizofunga yeye. Na Rivasi, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikuwa akirudisha malori nyuma kwenye maghala, na hadi leo hawezi kukaa kitini bila kuangalia begani kwanza. Shemeji mwenyewe, kaka mkubwa wa mume wangu, huwa na penseli sikioni na kazi mbili tatu ambazo hazijaisha. Na mimi huwa pale mwisho wa kulia, mtoto mgongoni kwenye mbeleko, nikiinama na benchi.

Asubuhi hiyo nilikuwa na kompyuta mapajani. Shemeji aliinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na programu ya kuchorea samani, kwa kuwa wateja siku hizi wanataka kuiona meza kabla haijawa meza. Yeye ilimshinda ndani ya wiki moja. Vidole vyake vimezoea randa, na kila alipobonyeza kitufe kimoja vilibonyea vitatu. Akanipa mimi. Nilijifunza kwa masomo ya kwenye simu wakati wa kumnyonyesha mtoto, sauti nimeizima ili asishtuke. Kwa hiyo alama za programu ile nazijua zote kwa sura, lakini hata moja siijui jina. Ni kama kuwajua majirani kwa viatu vyao tu.

Saa nne angekuja mshonaji mmoja kutazama mchoro wa duka lake jipya: kabati la vitambaa, meza ya kukatia na rafu ya nyuzi. Akiupenda, kazi ni ya Shemeji. Asipoupenda, kuna karakana nyingine kubwa mtaa wa pili. Na mimi nilikuwa na langu. Ndani ya karakana, chini ya dirisha, kuna meza ndogo iliyojaa makopo ya gundi na vipande vya mbao. Shemeji aliniambia, "Akiukubali mchoro, ile meza naisafisha inakuwa yako, shemeji. Utakuwa mchoraji wa hapa." Nikasema haya. Alipotoka kidogo niliipima kwa shubiri: sita kwa tatu. Nikapima na nafasi ya chini yake, mtoto angeenea.

Basi ilikuwa saa tatu na nusu, na ndani ya mchoro kabati lilikuwa limegeukia ukuta.

— Limenuna, alisema Rivasi akichungulia. Kabati gani hili linautazama ukuta kama limegombana na watu wa nyumbani?

— Ligeuze tu, shemeji, alisema Shemeji. Mteja atataka kuona milango.

Nililichagua kabati, nikabonyeza alama ya kuzungusha, nikaandika mia na themanini. Kabati likaondoka. Halikugeuka pale lilipo. Lilizunguka kwa mbali kama mbuzi aliyefungwa kamba, likapita ndani ya ukuta bila kugusa hata tofali moja, likaenda kusimama nje ya duka, peke yake, kwenye weupe.

— He! Limetoka!

— Limekwenda wapi?

— Limekwenda kupunga upepo, alisema Bi Kahawa bila kuinua macho kwenye birika. Mngekuwa ninyi mmesimamishwa ukutani tangu jana, msingetoka?

Kosa nililijua. Katika programu ile kila kitu kina kitone chake kidogo, na kitu huzungukia pale kitone kilipo. Kitone cha kabati nilikuwa nimekisahau kwenye kona ya chumba. Nikawaambia. Lakini niliwaambia kwa sauti ileile ya chini ninayotumia nikimfunika mtoto shuka, na Digrii alikuwa ameshafungua darasa.

— Tatizo ni kiungo, alisema. Kitu chochote kinachogeuka hugeukia kwenye kiungo. Bomba hugeukia kwenye kiwiko. Sasa niambieni, hilo kabati lina kiwiko?

— Lina bawaba, alisema Shemeji.

— Bawaba ni kiwiko chenye skrubu.

— Acha kupoteza watu wewe, alisema Rivasi. Lori linageukia magurudumu ya nyuma. Pua inakwenda huko, mkia unabaki hapa. Mama mtoto, hebu tuambie, magurudumu ya nyuma ya kabati yako wapi?

— Halina magurudumu, nilisema.

— Mmesikia? Halina! Halafu mnashangaa limeteleza.

— Kitu kisicho na magurudumu kinatelezaje? aliuliza Digrii.

— Ndiyo hatari yake hiyo. Kingekuwa nayo kingefunga breki.

Nikabonyeza alama ya kurudisha. Kabati likarudi mahali pake likiwa limenuna vilevile. Rivasi akanishika mkono.

— Ngoja kwanza. Hicho ulichobonyeza kinaitwaje?

— Jina silijui. Kinarudisha nyuma tu.

— Kinarudisha nyuma! Jamani! Miaka yote mnanicheka, kumbe kazi yangu wameitia ndani ya kompyuta! Bi Kahawa, nipe kikombe, nimepandishwa cheo leo.

Alipewa kikombe. Wakati anakinywa, Shemeji alisogeza kidole chake kinene, akashika kipanya, akakivuta taratibu upande wa kushoto, ulimi nje kama anapiga msumeno mstari mwembamba. Chumba chote kikazunguka. Sakafu ikapita, meza ikapita, na mara milango ya kabati ikawa inatutazama sisi, mizuri, na vishikio vyake viwili nilivyovihangaikia siku nzima.

— Ehee! alisema Shemeji. Si mnaona? Mnaleta viwiko na magurudumu. Kazi ya mbao ni mkono tu.

Tukashangilia. Hata mimi nilishangilia, maana kabati lilikuwa linatazama. Shemeji akaagiza kahawa ya watu wote. Bi Kahawa akaja na birika, akamimina kikombe cha kwanza, cha pili, kisha akasimama akikiangalia kioo cha kompyuta.

— Mlango wa duka si ulikuwa huku?

— Upi?

— Wa kuingilia. Ulikuwa huku kulia. Sasa naona uko kushoto.

Tukatazama. Kweli mlango ulikuwa kushoto. Rafu nayo ilikuwa kushoto. Kila kitu kilikuwa kimehama pamoja, kwa utaratibu, kama familia iliyopata nyumba nyingine.

— Mimi moshi ukinijia huwa nazunguka nyuma ya jiko, alisema Bi Kahawa. Lakini sijawahi kusema nimeligeuza jiko.

Digrii alikuwa wa kwanza kuanza kucheka, na kicheko chake kilimtokea puani pamoja na kahawa.

— Mwenzetu hakuligeuza kabati! Ametupeleka sisi nyuma ya duka! Tumesimama nje, tunachungulia ukutani kama wezi!

— Lakini si linaonekana vizuri? alisema Shemeji.

— Linaonekana vizuri kwa mtu aliye ndani ya ukuta.

Shemeji akashusha kikombe chake. Uso wake ulibadilika, akawa kama anahesabu kitu cha zamani.

— Kumbe ndivyo lilivyokuwa lile la mwalimu, alisema.

Habari ya kabati la mwalimu ilikuwa inajulikana na benchi zima, ila sababu yake ndiyo ilikuwa haijulikani. Wakati kompyuta iko mikononi mwake, Shemeji alichora chumba cha mwalimu, akaona kabati limekaa vizuri, akalitengeneza na kulijengea ukutani palepale kwa misumari mirefu. Milango ikafungukia kitandani. Mwalimu hadi leo akitaka shati hupanda kitandani kwa magoti, na mkewe amemwambia Shemeji akimwona njiani asimwite shemeji wala dada, amwite bibi tu apite.

— Basi na huyu mshonaji ukimfanyia hivyo, alisema Digrii, atakuwa anakata nguo akiwa juu ya paa.

Walicheka, mimi sikucheka sana. Nilikuwa naitazama saa kwenye pembe ya kioo. Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini na mbili. Nilianza kuhamisha kitone cha kabati, lakini Shemeji, aliyekuwa anatafuta namna ya kuondoa macho ya watu kwa mwalimu, akagundua jambo lingine.

— Na hii meza mbona imeinama?

Meza haikuwa imeinama. Ilikuwa inaonekana kwa pembeni, kama meza yoyote inavyoonekana ukiwa hujasimama mbele yake. Nilifungua mdomo kusema, lakini yeye alikuwa ameshaingia ndani. Akarudi na pimamaji.

Naomba nieleweke. Shemeji amekuwa seremala kwa miaka kumi na saba, na pimamaji yake ni ya kioo kizuri, haimdanganyi. Akaiweka juu ya kioo cha kompyuta, sambamba na ukingo wa meza niliyoichora, akafumba jicho moja. Digrii akapiga magoti chini kutazama kiputo. Rivasi akaziba jua kwa mkono. Nami, mchoraji mtarajiwa wa karakana, nikaishika kompyuta kwa nguvu isitikisike ili kipimo kisikosewe.

— Kiputo kimekwenda kushoto, alisema Digrii.

— Sana?

— Kimegonga mwisho.

— Nilijua, alisema Shemeji. Nilijua meza hii ina kasoro.

— Si meza, alisema Digrii akiinuka na kupangusa magoti. Ni benchi. Benchi limeinama, kompyuta imelala juu ya benchi, mchoro umelala ndani ya kompyuta. Mnataka mchoro ufanyeje, ujitegemee?

Hoja hiyo ilipita bila kupingwa. Wakatafuta boksi la misumari, wakalikunja mara nne, Rivasi akatoa maelekezo ya namna ya kulisukuma ("njoo, njoo, njoo, hapohapo, simama!"), na kwa mara ya kwanza tangu lizaliwe, benchi letu likasimama sawa. Nilihisi mgongo wangu unashangaa. Shemeji akaweka tena pimamaji, safari hii juu ya benchi lenyewe. Kiputo kikakaa katikati.

Meza iliyo kwenye mchoro ilikuwa palepale, kwa pembe ileile.

— Vizuri, alisema Digrii. Sasa tumejua benchi halina makosa. Tumepiga hatua.

— Mimi nadhani ni ilikotengenezwa, alisema Rivasi, sauti ameishusha. Kompyuta hizi zinatoka upande wa pili wa dunia. Na dunia ni duara. Watu wa kule wanasimama miguu ikielekea kwetu. Juu yao ni chini yetu.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo kompyuta imezoea juu ya kule. Ikifika huku inachanganyikiwa. Hata lori jipya lilikuwa linasumbua wiki ya kwanza.

— Hapo una kitu, alisema Digrii, na akachora duara mchangani kwa kijiti. Kama wao wako hapa na sisi tuko hapa, tofauti ni digrii mia na themanini. Na mama mtoto aliandika ngapi? Mia na themanini! Hakuligeuza kabati, alilirudisha kwao!

— Na watu wa huko, aliuliza Bi Kahawa, kahawa wanaimiminaje?

Rivasi akasema kwa unyonge kwamba pengine wanaimimina kwa kwenda juu, ila polepole.

Wakati wanaitengeneza dunia, mimi nilikitoa kitone kwenye kona ya chumba, nikakiweka katikati ya kabati. Nikaandika mia na themanini. Kabati likageuka palepale, bila kutoka jasho, likawa linatazama mlango.

— Mmeona? alisema Rivasi aliporudi kutoka upande wa pili wa dunia. Limegeuka lenyewe. Kumbe kweli lilikuwa benchi.

— Nilisema mimi, alisema Digrii.

Wakapeana mikono. Nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza. Ningependa kusema ni kwa sababu ya unyenyekevu, lakini nilikuwa nafurahi mno. Kitu nilichokiona kwenye simu bila sauti kilikuwa kimetii mkono wangu, mchana kweupe, mbele ya watu wazima watatu na Bi Kahawa. Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Nikawaza, mbona nisivipange na vyote viwe mstari mmoja, mteja akifika akute duka limenyooka? Kuna alama ya kupanga. Unachagua vitu, unabonyeza, vinapangana. Nikachagua kabati, nikachagua meza, nikachagua rafu. Na kwa sababu kilikuwa juu ya meza, na kwa sababu nakipenda, nikachagua na kikombe.

Kikombe hicho hakikuwamo kwenye kazi ya mshonaji. Ndicho kitu cha kwanza nilichojifunza kuchora: kikombe cha Bi Kahawa, na mkono wake, na ule ukingo uliomeguka. Nilikiweka juu ya meza ya kukatia kama pambo, kwa kuwa kusema kweli ndicho pekee kilichonitoka vizuri.

Ambalo sikulikumbuka ni kwamba vitu vikipangwa, vyote hukifuata kile kilichochaguliwa mwisho.

Nikabonyeza. Programu ikauliza vipangwe wapi. Nikachagua katikati. Ikauliza vifuate mwelekeo wa mshale upi, mwekundu, wa kijani au wa buluu. Nikaona niwe mkarimu, nikachagua yote mitatu. Kabati likaja. Meza ikaja. Rafu ikaruka kutoka ukutani ikaja. Vyote vikaingia katikati ya kikombe, kimoja ndani ya kingine, kama watu waliokimbilia mvua chini ya mwavuli mmoja. Meza ilitokeza mbele ya kabati kama ulimi. Rafu ilipenya ubavuni. Na pembeni kabisa, palipokuwa na nafasi kidogo, ulichomoza mkono wa kikombe.

— Mama yangu, alisema Rivasi. Ajali.

— Hifadhi! alipiga kelele Shemeji. Hifadhi shemeji, isipotee!

— Hapana, ngoja nirudishe...

Hakungoja. Kidole chake kilishuka kutoka juu na kubonyeza vitufe vitatu. Programu ikataka kujifunga, ikauliza kwa kisanduku kidogo kama tuyahifadhi mabadiliko. Shemeji akabonyeza ndiyo. Nilipomtazama alijitetea:

— Mtu akikuuliza swali kwa adabu utamjibu hapana?

Nikaifungua upya. Lundo lilikuwa pale, limehifadhiwa vizuri sana. Alama ya kurudisha ilikuwa imefifia, haina la kurudisha. Mchoro mwingine sikuwa nao, kwa sababu kila siku nilikuwa nahifadhi juu ya uleule.

— Hata rivasi imekufa? aliuliza Rivasi kwa huzuni ya kweli.

Na mshonaji akatokea kwenye kona.

Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, futi ya kupimia imemzunguka shingoni na pini mbili kwenye ukosi. Alisalimia kila mtu, akaulizia hali ya mtoto, kisha akauliza:

— Haya, mchoro uko wapi?

Asubuhi yote mchoro ule ulikuwa wetu sote. Sasa Digrii alikuwa anakagua bomba la maji la jirani. Rivasi alikuwa anaangalia begani. Shemeji akakohoa.

— Mchoro ni wa shemeji yangu huyu, alisema.

Nikamgeuzia kompyuta. Nilikuwa nimeshaiaga ile meza ya makopo, nikiwaza tu nitakavyomwambia mume wangu kwa maneno machache.

— Hiki ni nini? aliuliza mshonaji.

— Ni duka lako, alisema Digrii kutoka bombani. Likiwa limekunjwa.

— Kwa ajili ya safari, alisema Rivasi. Kwenye kupakia mzigo huwa tunaanza hivyo.

— Ni mtindo wa kisasa, alisema Shemeji. Unabana nafasi.

Mshonaji hakucheka wala hakukasirika. Akakaa kwenye benchi, akaisogeza kompyuta karibu na macho, akatazama muda mrefu, juu, chini, pembeni. Wale wanaume wakaanza kupata moyo. Kisha akauliza:

— Na mimi nimekaa wapi?

Digrii alimtazama Rivasi. Rivasi alimtazama Shemeji. Shemeji alitoa penseli sikioni, akaiangalia ncha yake, akairudisha. Tangu asubuhi tulikuwa tumelizungusha kabati, tumezunguka sisi wenyewe, tumenyoosha benchi, tumepima mchoro kwa pimamaji na kuipindua nusu ya dunia. Mtu hatukuwa tumemweka. Hata ule mchoro wangu wa kwanza, ule mzuri uliopotea, haukuwa na kiti. Kama angekuja dakika kumi mapema tungemwonyesha duka lililonyooka ambalo hakuna anayekaa ndani yake.

— Hujakaa bado, nilisema.

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyoipima. Wote wakanigeukia. Mtoto naye akashtuka mgongoni, akaanza kupiga teke.

— Ungependa kukaa wapi? nikauliza.

Mshonaji akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha akajiweka sawa pale benchini kama yuko dukani kwake, akanyoosha mkono.

— Mimi ni mashoto, mwanangu. Mkasi wangu huwa hapa, na vitambaa vinatakiwa viwe huku, kushoto, nikivuta vije. Nyuzi nizifikie bila kuinuka, magoti yangu haya si ya kuinukainuka. Na mlango niuone, maana mtu akiingia kwa mshonaji mara nyingi amekuja na malalamiko.

Nikatafuta ndani ya lile lundo. Kitu pekee kilichokuwa na sehemu ya kushika ni ule mkono wa kikombe uliochomoza. Nikakichagua, nikakitoa taratibu, nikakishusha sakafuni, mahali ambapo mtu akikaa angeuona mlango.

— Hapa ni wewe, nilimwambia.

— Mimi ni kikombe?

— Kwa sasa. Kiti sijajifunza kukichora.

— Haya. Endelea.

Nikaileta meza mbele ya kikombe, nikaisogeza mpaka akasema hapo. Rafu sikuirudisha juu palipohitaji ngazi, nikaiweka mahali mkono unapofika. Lilipofika kabati, badala ya kukiweka kitone chake katikati ya tumbo lake, nilikichukua nikakipeleka kwenye kikombe. Nikaandika tisini. Kabati likaondoka, likazunguka kwa mbali kama asubuhi, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Shemeji alifumba macho. Alipofumbua, kabati lilikuwa limesimama kushoto kwa mshonaji, milango ikimtazama, na halikuwa limetoka nje ya ukuta wowote.

— Kiwiko hicho, alinong'ona Digrii.

— Magurudumu ya nyuma, alisema Rivasi.

— Kikombe changu hicho, alisema Bi Kahawa. Hata mahali kilipomeguka napaona.

Mshonaji alinyoosha mkono wa kushoto hewani, akavuta kitambaa kisichokuwapo, akakikata kwa mkasi usiokuwapo. Akatikisa kichwa polepole, kwa kukubali.

— Nani anayechora hapa kwenu? aliuliza.

Mkono wa Digrii ulikuwa umeshainuka nusu ya njia, akaugeuza akajikuna kichwa.

— Ni mimi, nilisema.

— Nautaka huu. Saa kumi nitarudi na vipimo vya chumba, nikukute wewe. Hawa nao wakiwapo si neno, ila wakae na bomba lao kule.

Shemeji aliingia ndani ya karakana, na kupitia dirishani tukasikia makopo ya gundi yakishushwa moja moja chini. Nikamhamishia mtoto mbele, nikampakata. Nilikuwa nimekaa wima na sikujua kama ni furaha au ni lile boksi la misumari chini ya mguu.

— Sasa nipeni kahawa basi, alisema mshonaji, nimetembea.

Bi Kahawa aliinua birika, akaliinamisha, akalitikisa. Lilitoka tone moja, likafia kwenye mkaa.

— Imekwisha, mwenzangu. Hawa wameizungusha dunia kwa birika zima.

— Hata kikombe kimoja?

Bi Kahawa akaonyesha kioo cha kompyuta kwa kidole.

— Kimebaki kile, alisema, nacho umekikalia.